Kamba wa Siki wa Kusini mwa Marekani: Namna ya Kuwatengeneza Nyumbani

Pwani ya South Carolina na Georgia, ile wanayoiita Lowcountry, ni nchi ya vinamasi na vijito vya maji chumvi vinavyojaa na kupwa mara mbili kila siku. Kamba hutaga mayai baharini, lakini watoto wao hukulia humo vinamasini, katikati ya majani marefu, mpaka wawe na ukubwa wa kurudi bahari kuu. Ndiyo maana kuanzia Charleston hadi Savannah huwezi kuzungumzia chakula bila kumtaja kamba. Anachemshwa, anakaangwa, anatiwa kwenye uji mzito wa mahindi asubuhi, na katika sherehe anawekwa mezani akiwa wa baridi, akiogelea kwenye siki, mafuta, vitunguu na limau.

Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka umtengeneze. Lakini kwanza tuwataje wenyewe. Kwa miaka mingi mikono iliyotupa nyavu, ikamenya na ikapika katika nyumba za pwani ile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya Waafrika waliopelekwa kule kama watumwa kulima mpunga, na baadaye ya wajukuu wao, watu wa Gullah Geechee. Wachuuzi weusi walipita mitaa ya Charleston asubuhi wakinadi kamba kwa sauti ya kuimba. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliutambua rasmi ukanda wa urithi wa Gullah Geechee, kuanzia North Carolina hadi Florida. Wavu wa kutupa kwa mkono bado unatumika kwenye vijito vile mpaka leo, na mapishi haya yana deni kwao, hata pale yanapopewa jina la familia ya tajiri fulani.

Sasa jambo moja lieleweke mapema, maana ndilo linalowapoteza wengi waliozoea achari yetu ya embe au ya ndimu. Achari ya embe unaianika juani, unaitia chumvi na mafuta, inakaa kabatini miezi. Kamba wa siki hakai kabatini hata siku moja. Siki hapa inaleta ladha na kumkaza kamba kidogo. Usiitegemee kumpika wala kumhifadhi nje ya friji. Anayempika ni moto, tena kwa dakika chache mno, na anayemhifadhi ni ubaridi. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni mepesi.

Vitu vya kuandaa

Kwa chupa moja ya lita moja na nusu, inayotosha watu sita hadi wanane kama kitafunio:

- Kamba wabichi kilo 1, wakiwa na vichwa na maganda. Wakishamenywa utabaki na nusu kilo hivi ya nyama.
- Vitunguu maji 2 vya wastani
- Malimau 4: mawili ya kukata, moja na nusu ya kukamua, na nusu ya kutia kwenye maji ya kuchemshia
- Siki yenye ukali wa asilimia 5, mililita 200
- Mafuta ya zeituni au ya alizeti, mililita 200
- Kitunguu saumu, punje 4
- Majani ya bay 8, yale makavu yanayotiwa kwenye pilau
- Mbegu za haradali, kijiko 1 cha chai
- Mbegu za giligilani, kijiko 1 cha chai
- Mbegu za seleri, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga nzima, kijiko 1 cha chai
- Pilipili kavu iliyopondwa, nusu kijiko cha chai au zaidi
- Karafuu 2
- Chumvi, vijiko 2 vya chai, mbali na ile ya maji ya kuchemshia
- Sukari, kijiko 1 cha chai

Haradali utaipata kwenye duka lolote linalouza viungo vya Kihindi. Wengi huiita rai. Mbegu za seleri ndizo zinazosumbua, na ndizo zinazoipa sahani hii harufu yake ya Kusini. Zikikosekana, chukua majani na vijiti vyembamba vya seleri mbichi, katakata kiganja kimoja, utie wakati wa kupanga. Usibadilishe kwa bizari nyembamba, kwa sababu chupa nzima itanuka pilau. Wenzetu wa kule huongeza pia kepa, vile vichipukizi vidogo vya maua vilivyolowekwa kwenye chumvi na siki. Ukivipata kwenye supamaketi tia vijiko viwili vya chakula. Usipovipata hujapungukiwa na cha maana.

Kuhusu kitunguu, jimbo la Georgia lina fahari ya kitunguu chake kitamu cha Vidalia, na mwaka 1986 lilitunga sheria ya kulinda jina hilo lisitumike kwa vitunguu vya kwingine. Kama uko Marekani, nunua hicho. Kama uko Tanga, Mombasa au Muscat, kitunguu chekundu kinafaa kabisa ukikifanyia kile unachokifanya kwa kachumbari: kata miviringo myembamba, vikanda kwa chumvi, suuza kwa maji baridi na ukamue. Ule ukali unaopanda puani unaondoka, na utamu wake unabaki.

Soma lebo ya siki. Siki ya tufaha inapendeza zaidi kuliko nyeupe kwa sababu ina utamu kwa mbali, lakini yoyote ile iwe na asilimia 5. Siki iliyochujuka itakupa kamba wenye ladha ya maji.

Kumchagua kamba

Sokoni, mkaribie na umnuse. Kamba mzuri ananukia bahari. Akitoa harufu kali kama ya mkojo, mwache hapo hapo hata kama bei imeshuka nusu. Ganda liwe gumu na linalong'aa, kichwa kiwe kimeshikamana na mwili, na miguu isiwe imekuwa myeusi. Ukimbonyeza mgongoni nyama irudi.

Kwa kazi hii wa wastani ni bora kuliko wale wakubwa wenye mistari. Jamaa wa ukubwa wa kidole cha kati anaingia mdomoni kwa mara moja, na siki inamfikia ndani. Uduvi nao ni mdogo mno, utageuka mpira. Kwa walioko Marekani, pakiti huandikwa namba kama 21/25 au 26/30, maana yake ni idadi ya kamba katika ratili moja. Chukua mojawapo ya hizo mbili. Geuza pakiti usome viambato: iandikwe kamba, labda na chumvi, basi. Wale waliotiwa fosfeti wamenyonya maji, na wakifika kwenye moto wanayatoa yote wakabaki wadogo na wenye kuteleza.

Wa barafu hawana ubaya wowote. Wengi wa hao wanaoitwa wabichi madukani walikuwa barafu jana yake. Wayeyushe ndani ya friji usiku kucha, au kwenye mfuko uliofungwa ndani ya beseni la maji baridi kwa muda wa saa moja. Maji ya moto yasiwaguse.

Kumenya

Vunja vichwa mara tu ufikapo nyumbani. Ndani ya kichwa kuna ini lenye vimeng'enya vya kusagia chakula, na kamba akishakufa vimeng'enya hivyo huanza kuisaga nyama yake mwenyewe kuanzia shingoni. Ndiyo sababu kamba aliyekaa na kichwa siku nzima kwenye joto huwa anabonyea kwa juu na kuwa mgumu mkiani.

Maganda mengine yaache kwanza. Kamba aliyechemka na ganda lake anabaki na utamu, na nyama haikunjamani sana. Lakini ule uzi mweusi wa mgongoni, ambao ni utumbo, ni rahisi kuutoa kabla ya kuchemsha. Mkunje kamba kidogo mgongo ukiwa juu, hesabu pingili ya pili na ya tatu kutoka upande wa kichwa, penyeza kijiti cha meno katikati yake, chini kidogo ya uzi, kisha inua polepole. Uzi unatoka mzima, wakati mwingine mpaka mkiani. Ukikatika, ingiza tena pingili mbili mbele. Hakuna haja ya kupasua mgongo kwa kisu. Kamba aliyepasuliwa hufunguka kwenye maji moto na kupoteza umbo.

Vichwa usitupe. Nitavirudia.

Kuchemsha

Hapa ndipo sahani inapofaulu au kuharibika.

Bandika sufuria kubwa yenye maji lita mbili na nusu. Tia vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, majani mawili ya bay, maganda ya kitunguu, na ile nusu ya limau iliyobaki baada ya kukamua moja na nusu. Yachemke dakika kumi ili maji yenyewe yawe na ladha. Kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko, upande wa Louisiana na Mississippi, watu hutia hapa viungo vyao vikali vya kuchemshia kaa, na kwingine hutumia Old Bay, mchanganyiko uliozaliwa Baltimore. Ukiwa nao, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Mimi napendelea maji yasiyo na makelele, ili siki iwe na nafasi ya kusema baadaye.

Andaa pembeni bakuli la maji yenye barafu nyingi, na sinia lililotandikwa kitambaa safi. Vyote viwe tayari kabla kamba hajagusa maji, kwa sababu ukianza hutapata muda wa kutafuta chujio.

Maji yakichemka kwa nguvu, tia nusu ya kamba, koroga mara moja, na uzime moto. Ndiyo, zima. Joto lililopo linatosha. Baada ya dakika mbili anza kuangalia. Kamba atageuka kutoka kijivu kinachopenya mwanga hadi waridi na nyeupe isiyopenya. Mtoe mmoja, mmenye, mkate sehemu nene kabisa karibu na kichwa kilipokuwa. Ukiona bado pana ukungu wa kioo katikati, subiri nusu dakika. Pakiwa peupe pote, toa wote sasa hivi. Kwa ukubwa huu kazi huisha kati ya dakika mbili na tatu.

Umbo nalo linasema. Kamba aliyeiva vizuri amejikunja nusu duara, mkia na shingo havijakutana. Akijifunga duara kamili amepitiliza, na siki itamzidishia ugumu. Na asiyeiva usimtie kwenye siki ukitumaini atamalizikia humo: siki huibadilisha nyama rangi ikaonekana imeiva, lakini haiui vijidudu vyote vya baharini jinsi moto unavyovimaliza.

Wachote uwatumbukize kwenye maji ya barafu kwa dakika mbili, si zaidi, kisha watandaze kwenye kitambaa. Wakikaa muda mrefu majini, chumvi na ladha vinatoka. Chemsha maji tena mpaka yapige povu ndipo utie nusu iliyobaki. Ukiwatia wote kwa pamoja joto la maji litaanguka, na hesabu ya dakika itavurugika.

Sasa menya maganda. Watu wa Charleston wengi huacha kile kipande cha mwisho cha mkia ili mgeni apate pa kushika. Kama kutakuwa na vijiti vya meno mezani, toa chote. Kisha wakaushe kwa kitambaa kingine kikavu, mmoja mmoja kama una subira. Matone ya maji yaliyonasa kwenye mikunjo ya kamba wote yakijumlishwa si haba, na yataipunguza siki yako nguvu. Wakishakauka, waingie kwenye friji wakati unaandaa siki.

Siki yenye viungo

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, tia haradali, giligilani na pilipili manga. Tikisa. Mara haradali zikianza kurukaruka na giligilani kunukia, epua. Zikiungua zinakuwa chungu. Mimina siki kwenye sufuria ndogo ya chuma cha pua au ya enameli, tia viungo ulivyokaanga, mbegu za seleri, karafuu, pilipili kavu, kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba, chumvi na sukari. Ipate moto tu mpaka chumvi iyeyuke na mvuke uanze kukuchoma macho, halafu epua.

Sufuria zetu za kawaida za alumini ni nzuri kwa kuchemshia kamba, lakini siki na maji mengi ya limau havipatani nazo. Asidi huila alumini, na utaipata ladha ya chuma mdomoni. Kwa sababu hiyo hiyo usihifadhi kamba hawa kwenye hotipoti la bati wala bakuli la alumini. Kioo ndicho chombo chake.

Siki ipoe kabisa. Hili nasisitiza, kwa kuwa ndilo kosa ambalo halionekani mpaka kesho yake: ukiwamwagia siki ya moto kamba walioiva, unawapika mara ya pili. Ikishapoa tia maji ya limau, kisha mafuta, upige kwa uma. Mapishi mengi ya zamani ya Charleston hutia mafuta mengi kuliko siki. Mimi naona kiasi sawa kinamwacha kamba asikike. Mafuta yakizidi ulimi unafunikwa.

Uchaguzi wa mafuta nao una athari. Ya zeituni yana ladha nzuri lakini huganda na kuwa na vipande vyeupe ndani ya friji. Hayajaharibika, yatayeyuka mezani kwa dakika kumi na tano. Ya alizeti hayagandi. Kama utapeleka kwenye shughuli ambako watu watafungua na kula papo hapo, changanya nusu kwa nusu.

Kupanga kwenye chupa

Chupa iwe ya kioo, yenye mdomo mpana unaopitisha mkono. Ioshe kwa sabuni na maji moto, isuuze kwa maji yaliyochemka, uiache ikauke.

Kata malimau mawili miviringo myembamba kiasi cha kuona mwanga ukipenya, na utoe kila mbegu. Ile nyama nyeupe ya ganda ina uchungu unaotoka taratibu. Ukikata minene, siku ya pili chupa nzima itakuwa chungu. Ndimu hazifai hapa, zina ukali unaowahi kupita kiasi.

Anza na kamba chini, juu yake kitunguu, kisha viringo mbili tatu za limau na jani moja la bay lililowekwa ubavuni lionekane kutoka nje. Rudia mpaka vimalizike. Wengine huchanganya kila kitu kwenye bakuli na kumimina, na ladha haitofautiani sana, lakini tabaka zina faida yake: kila mchoto unatoka na kamba, kitunguu na limau kwa pamoja, badala ya kamba kuzama na vitunguu kuelea.

Mimina siki yako juu. Gongagonga chupa taratibu juu ya meza mapovu yapande, bonyeza kwa kijiko mpaka kila kamba azamishwe. Funga, tia kwenye friji ya nyuzi 4 au chini ya hapo. Kila baada ya saa kadhaa ipindue chupa juu chini na kuirudisha.

Muda wa kungoja na wa kula

Baada ya saa sita ladha imekaa nje tu. Baada ya saa 24 imeingia, kitunguu kimelainika na kuwa na rangi ya waridi, na kamba bado ana ule mkato mzuri wa jino. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Kuanzia siku ya nne asidi inaanza kuichosha nyama, inakuwa kama yenye unga. Usivuke siku ya tano.

Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa nne na friji ikawa haina ubaridi tena, tupa. Inauma, kamba ni bei, lakini usionje ili kujua kama wameharibika, maana vijidudu vingine havina ladha wala harufu. Mezani vilevile wasikae zaidi ya saa mbili, na kama mnakula nje kwenye joto la Dar au la Muscat, saa moja. Weka bakuli juu ya sinia la barafu. Mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu ni heri wale kamba wa moto, waliotoka jikoni. Na uliza wageni kuhusu mzio kabla ya kupakua. Mzio wa kamba unaweza kuwa wa hatari.

Kule wanawala kwa biskuti kavu za chumvi na vijiti vya meno, kwenye Krismasi, harusini, hata matangani. Juu ya nusu parachichi wanapendeza mno. Kwa meza yetu, ningewapanga juu ya vipande vya muhogo uliochemshwa ukapoa, na vile vitunguu vyake vikaning'inia pembeni.

Siki iliyobaki chupani usiitumie kwa kamba wengine. Siku hiyo hiyo waweza kuinyunyiza juu ya saladi, baada ya hapo imwage.

Tukirudi kwa vichwa na maganda: kaanga kwenye kijiko cha mafuta mpaka vigeuke vyekundu na jikoni kunukie, viponde kwa mwiko, tia maji lita moja na nusu, kitunguu na kipande cha tangawizi, chemsha dakika ishirini na uchuje. Hayo ndiyo maji ya kupikia wali usiku huo, wakati chupa ikiwa bado imelala kwenye friji. Supu hiyo inagandishwa pia, na inakaa miezi miwili bila kupoteza kitu.